Mradi wa Kidijitali Umezubaa Ndani ya Kampuni Yako? Anzia Kwenye Kamisheni

Kampuni kongwe za Nyanda za Juu Kusini zimeingia kwenye teknolojia kwa mtindo mmoja. Kampuni ya pembejeo inaanzisha kuagiza mbolea kwa simu. Ya malori inataka kufuatilia mizigo yake hadi Tunduma. Kiwanda cha chai kinaleta mizani inayomtumia mkulima kilo zake kwenye simu. Mkurugenzi anatangaza, vijana wawili watatu waliohitimu chuo kikuu pale Mbeya wanaajiriwa, fulana zinachapishwa. Msimu mmoja baadaye mradi haujafa, ila haukui. Kila ofisi ina maelezo yake: mtandao unasumbua, programu mbovu, wakulima hawajaelimika.

Hilo la wakulima kutoelimika lifute kwanza. Msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku ilipoanza, wakulima hawahawa waliandikishwa kwenye mfumo wa kidijitali na wakanunua mbolea kupitia huo. Mtu anayetuma ada ya mtoto kwa simu na kulipa umeme kwa simu hawezi kushindwa kuagiza mifuko miwili ya CAN, mbolea ya kukuzia. Kama haagizi, ana sababu.

Ushauri wangu ni huu: kabla hujamwita msanidi, yule anayeandika programu, aikague, omba karatasi inayoonyesha nani analipwa kwa lipi. Mengi yanayoletwa mezani kama matatizo ya kompyuta yanaanzia kwenye malipo, kwenye sahihi na kwenye mgawanyo wa hesabu. Ili tusizungumze hewani, tuchukue kampuni ya pembejeo ya kubuni: ghala kuu Uyole, depo Makambako, Vwawa na Tukuyu, iko sokoni miaka mingi, na sasa imeanzisha kuagiza kwa menyu ya nyota na reli (USSD), ile inayofunguka kwenye simu yoyote bila intaneti.

Dalili: waliojiandikisha ni maelfu, oda ni za kuhesabu

Toa orodha ya oda za mwezi uliopita. Acha majina na kiasi, tazama safu mbili tu: saa ya oda na namba ya simu iliyotumika.

Ukikuta oda zinadondoka moja moja tangu asubuhi, kutoka simu tofauti, mradi wako uko hai hata kama ni mdogo. Tafuta tatizo kwingine.

Ukikuta oda zimerundikana kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, zote kutoka simu moja au mbili, basi hakuna mteja aliyeagiza. Mteja alikuja kaunta mchana, karani akaandika kwenye kaunta buku kama siku zote, na jioni akakaa na simu ya depo kuingiza oda zile kwenye mfumo ili ripoti ya makao makuu ipendeze. Ulichonacho ni karani mwenye kazi mbili kwa mshahara mmoja. Usimgombeze, kwa sababu amefanya alichoagizwa.

Sasa mtafute ofisa mauzo wa eneo lile umuulize kamisheni yake inahesabiwaje. Mara nyingi jibu litakuwa: kwa oda anazoandika yeye. Mkulima akiagiza mwenyewe kwa menyu, kamisheni imepotea. Lakini huyohuyo amepewa lengo la kuandikisha watu, na lengo analitimiza. Siku ya gulio anaandikisha kila anayepita, kisha anamalizia hivi:

"Mama Neema, namba hizo za nyota nyota zisikusumbue. Nipigie mimi, mzigo kesho unao."

"Haya baba, nitakupigia."

Hajadanganya, maana mzigo kweli utafika kesho. Na yeye ana watoto wanaodaiwa ada, huwezi kumtaka ajikate riziki ili takwimu zako zipande.

Tiba ni kulipa kamisheni kwa eneo: oda yoyote ya mteja wa eneo lake ihesabike kuwa yake, iwe imepita kwenye simu, kaunta au daftari. Fanya hivyo kwa misimu miwili kamili. Mhasibu atasema unalipa mtu kwa kazi ambayo hakuifanya. Atakuwa sahihi, na bado ulipe, kwa sababu huyo ofisa ndiye mtu pekee ambaye mkulima anamwamini, na maneno yake mawili gulioni yana nguvu kuliko tangazo lako la redioni. Pamoja na hayo, futa lengo la uandikishaji. Pima waliorudi kuagiza mara ya pili bila kupigiwa simu. Namba itakuwa ndogo mno mwanzoni, hata ya aibu mbele ya bodi, lakini ni ya kweli.

Kuna sura ya tatu ya dalili hii: oda zinaingia vizuri, kisha nusu yake zinafutwa. Menyu inasema CAN ipo Makambako, mteja amelipa, akifika anaambiwa imeisha. Nenda stoo uhesabu mifuko kwa mkono. Usishangae kukuta mifuko ipo, imewekwa kando kwa wateja wa siku zote wa meneja wa depo. Yeye anapimwa kwa mauzo ya depo yake, na oda za simu zinaandikwa kwenye hesabu ya "Mradi". Kila mfuko anaoutoa kwa oda ya simu unamshusha yeye. Iandike oda kwenye hesabu ya depo iliyotoa mzigo, uone kama mifuko haitaonekana.

Dalili: mjini inakubali, vijijini inagoma

Hapa teknolojia yenyewe inaweza kuwa na kosa, kwa hiyo usiitetee. Nunua kitochi, weka laini, panda gari hadi Makete au shuka Kyela, na mpe mkulima simu aagize bila wewe kufungua mdomo. Ni vigumu kunyamaza. Ukimwelekeza hata mara moja, jaribio limeharibika. Pale anaposita mara ya kwanza ndipo pa kurekebisha, hata kama msanidi anaapa kwamba pako wazi.

Menyu za nyota na reli zina mipaka yake. Ukurasa mmoja unabeba herufi 182, basi, na mtu akikawia kujibu mawasiliano yanakatika na anaanza upya. Sasa fikiria menyu yenye aina nane za mbolea kwa majina ya kiwandani, na msomaji ni binti anayemsomea babu yake kwa sauti huku babu akifikiria. Imekatika. Imekatika tena. Mara ya tatu babu anasema, "Mpigie yule kijana wa dukani." Fupisha: kwanza mbolea ya kupandia au ya kukuzia, kisha idadi ya mifuko, kisha depo. Kama mteja aliwahi kuagiza, mpe chaguo la kurudia oda ya mwaka jana, maana shamba lake halijahama.

Kama umejenga programu ya simujanja badala ya menyu, hakikisha inahifadhi oda mtandao unapokata na kuituma yenyewe unaporudi. Na usisahau wakala wa fedha za simu: siku ya gulio floti, yaani salio lake la kufanyia miamala, inaweza kumwishia, na mkulima mwenye fedha taslimu mkononi akakosa pa kuiweka. Ruhusu oda ilipwe mzigo unapopokelewa.

Dalili: kila kitu kinasubiri sahihi

Jumamosi ya Desemba, kilele cha kupanda, salio la meseji limeisha. Wateja wanaagiza lakini hawapati uthibitisho. Kununua salio kunahitaji fomu ya maombi, ankara kifani tatu na sahihi ya mkuu wa idara, naye amesafiri Dar es Salaam kwenye kikao. Jumatatu asubuhi watu wamejipanga kaunta kuuliza kama oda zao zilifika, na meneja wa depo anauliza kwa sauti faida ya mfumo huu ni ipi.

Utaratibu wa ankara tatu uliwekwa kwa ajili ya kununua tairi za Fuso, na kwa tairi ni utaratibu mzuri, usiuguse. Mradi upe masurufu yenye kikomo, yanayorejeshwa kwa risiti kila mwisho wa mwezi, na orodha ya watoa huduma walioidhinishwa mapema: meseji, seva, intaneti. Bili ya seva ikiwa ni ya dola, tafuta njia ya kuilipa isiyotegemea kadi moja iliyo ndani ya mkoba wa mtu mmoja.

Kampuni kubwa kuliko zetu zimelazimika kufanya hivyo. IBM ilipotaka kompyuta ndogo ya mezani, kazi ilipewa timu ndogo iliyokaa Boca Raton, Florida, mbali na makao makuu ya New York, ikaruhusiwa kununua vipuri nje ya kampuni badala ya kusubiri vya nyumbani. Prosesa ikatoka Intel, mfumo endeshi ukatoka Microsoft, na mashine ikatangazwa Agosti 1981, takriban mwaka mmoja baada ya kuidhinishwa. Kwa kampuni yenye taratibu nzito kama ile, huo ulikuwa mwendo wa kukimbia.

Dalili: hesabu zinaonyesha hasara kila robo mwaka

Swali la kwanza: robo mwaka ya nani? Huku kwetu mvua ya mahindi inaanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Mbolea ya kupandia inauzwa Novemba na Desemba, ya kukuzia Januari na Februari. Mradi wa kuagiza mbolea ukizinduliwa Machi, ripoti ya Juni na ya Septemba zitaonyesha gharama tupu. Hiyo ni kalenda tu. Ila mkurugenzi akiwa mgumu, Septemba hiyohiyo mradi unafungwa, mwezi mmoja au miwili kabla wateja hawajaanza kuja.

Linganisha msimu huu na msimu uliopita, mwezi kwa mwezi. Na kama bado uko kwenye kuchagua pa kuanzia, usianze na mahindi. Anza mahali mafunzo yanaporudi haraka. Maziwa ya Rungwe na Njombe yanakusanywa kila siku: ukikosea Jumatatu, Jumanne umeshajua. Chai ya Mufindi na Rungwe inachumwa mwaka mzima, inashuka tu kwenye baridi ya Juni hadi Agosti, na mkulima anapimiwa majani mara kwa mara. Mfumo wa mizani kwa mwaka mmoja utajaribiwa mara nyingi kuliko mfumo wa mbolea ya mahindi utakavyojaribiwa kwa miaka kumi. Ndiyo maana mtu akiniuliza "tuanze na zao gani" sitazami zao lenye fedha nyingi, natazama lenye mzunguko mfupi.

Swali la pili ni la mhasibu: kwenye gharama za mradi kuna nini? Omba mchanganuo. Utakuta mishahara ya vijana na bili ya seva, sawa. Kisha utakuta fungu la kodi ya jengo, fungu la ulinzi, fungu la dizeli ya magari ya makao makuu, vyote vimegawanywa kwa idara zote kwa usawa. Mradi wenye watu watatu unabeba sehemu ya gari la mkurugenzi. Ondoa. Uwekewe leja yake yenye vitu ambavyo vingetoweka siku mradi ukifungwa, na si zaidi.

Mkulima wa Njombe anayepanda parachichi ya Hass hajui kulaumu mche wa mwaka wa kwanza kwamba hauna matunda. Lakini pia haukodolei macho tu. Anatazama kama umeshika, kama una chipukizi, kama mchwa hawajauingia. Mradi nao uwe na maswali ya umri wake. Hatua ya kwanza, swali liwe: je, yupo mkulima anayerudi mwenyewe? Hatua ya pili: je, oda ya simu inatugharimu pungufu kuliko ya kaunta? Faida ni swali la hatua ya tatu. Toa fedha kwa hatua, na kila hatua iwe na jibu moja inalolidai kabla ya fungu linalofuata. Bajeti ya mwaka mzima inayomwagwa mara moja Januari imeharibu miradi mingi, kwa sababu fedha ikiwepo watu huitafutia matumizi, na fulana huchapishwa tena.

Dalili: vijana wa mradi wanaondoka mmoja mmoja

Sababu ya kwanza inayotajwa ni mshahara, na mara nyingine ni kweli. Ila nenda ukakae nao siku nzima. Saa tatu, msanidi ameanza kurekebisha menyu. Saa tatu na nusu, simu kutoka uhasibu: printa imekwama karatasi. Saa nne na robo, katibu muhtasi hawezi kufungua barua pepe. Saa sita, bosi anataka projekta ya kikao. Kwa kuwa yuko chini ya idara ya kompyuta, kila chenye waya ni chake. Mchana umefika hajaandika mistari ishirini.

Mwondoe pale. Awe na meza ghalani Uyole, karibu na mizani na karani, na awajibike kwa mkurugenzi moja kwa moja. Akikaa ghalani atayaona asiyoyaona ofisini: kwamba mteja hafahamu "namba ya oda", anataja jina la mke wake kwa sababu ndiye mwenye simu.

Lakini kumtenga nako kuna kipimo. Xerox, kampuni ya Marekani ya mashine za kunakili, ilifungua maabara yake ya Palo Alto, California, mwaka 1970, mbali kabisa na makao makuu ya mashariki. Watu hupenda kusema Xerox haikufaidi chochote pale, na si kweli: printa ya leza ilizaliwa kule, ikaingia sokoni 1977, na ikailipa kampuni vizuri. Ilikuwa ndugu wa mashine za kunakili ambazo kampuni tayari ilijua kuziuza. Kompyuta zao za mezani zilikosa wa kuzipokea upande wa pili. Kwa hiyo timu inayokaa Dar es Salaam na kupanda Kitonga mara moja kwa msimu ili kuzindua kitu itakuwa na programu nzuri isiyo na mwenyewe.

Kila timu inahitaji mtu mzima mmoja wa kampuni ya zamani upande wake, na afadhali awe meneja wa depo anayeheshimika. Kijana asitumwe kwake na waraka wa makao makuu. Aende mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe unayetaka kutufungia kaunta?"

"Hapana mzee. Nimekuja unionyeshe kaunta inavyofanya kazi."

Mazungumzo yanayofuata hapo yana thamani kuliko warsha ya siku tatu hotelini.

Dalili: wateja wanautumia tofauti na ulivyopanga

Usikimbilie kuziba. M-Pesa ilianza hivyo. Jaribio la 2005 nchini Kenya, Nairobi na Thika, liliendeshwa na Vodafone na Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo midogo, na lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu. Wakopaji wakaanza kuitumia kutumiana fedha na kununuliana muda wa maongezi. Wahusika wakayaacha marejesho, wakafuata watu walikokwenda, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Tanzania ikaingia 2008. Tena sehemu ya fedha ya kuanzia ilitoka kwenye mfuko wa ruzuku wa serikali ya Uingereza, na Vodafone ikaongeza yake, kwa hiyo wazo halikulazimika kugombea bajeti na minara ya simu.

Kwenye kampuni yetu ya mfano, mkulima mmoja anaweza kuwa anaagizia mtaa mzima kwa simu moja. Ofisi itaona ulanguzi na kutaka kuweka kikomo cha mifuko. Subiri. Huenda amekuonyesha kwamba mteja wako halisi ni kikundi, na gari moja la Canter kufika kijijini mara moja ni nafuu kuliko watu ishirini kuja depo.

Dalili: mwanasheria amesimamisha kila kitu

Aliitwa amechelewa. Mambo mawili huzuka. Mkianza kushika fedha za wateja kabla ya mzigo, au kuzihamisha kati ya watu, mnaikaribia Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na leseni ni ya Benki Kuu. Njia rahisi ni kutumia lipa namba ya kampuni ya simu au benki na kukaa mbali na kushika fedha ya mtu. La pili ni orodha ya wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ina Tume yake, na anayekusanya taarifa za watu anapaswa kujisajili. Namba zilizokusanywa kwa ajili ya mbolea zisiishie kwenye simu za kampuni ya mikopo ya mjomba wa mkurugenzi. Siku mkulima akipigiwa simu ya mkopo asiouomba, atajua aliitoa wapi namba yake, na gulio zima litajua.

Dalili: mkubwa aliyeuanzisha amehamishwa

Una wiki chache. Mpeleke mrithi wake depo akamsikilize mteja anayerudi, kabla uhasibu haujamfikia na majedwali.

Lini uache kutibu

Kamisheni umezirekebisha, menyu umeifupisha, misimu miwili imepita yote, maofisa mauzo wanausifu kwa sababu wanalipwa vilevile, na bado hakuna anayerudi kuagiza mwenyewe. Hapo huna mteja, na fedha zaidi haitamleta. Funga.

Funga vizuri. Aliyelipia mzigo apewe mzigo au fedha yake, na risiti. Orodha ya wateja isiuzwe. Vijana warudishiwe nafasi ndani ya kampuni; wakiadhibiwa kwa kufunga, mradi ujao hakuna atakayeleta ripoti ya kweli. Na meseji ya kusitisha huduma itoke kabla ya Oktoba, ikiwa na jina na namba ya ofisa mauzo wa eneo husika, ili mvua ya kwanza isimkute mtu anabonyeza nyota na reli isiyojibu.